Mbwa Ekori, Komeo la Ghala na Barua ya Jeanine

KIKUNDI CHA WASUSI WA VIKAPU CHA ECHAMI, NAWOITORONG, LODWAR

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, katika ua wa kikundi. Kikao kiliitwa saa nane mchana. Kilianza saa nane na dakika arobaini.

WALIOHUDHURIA
Mama Akoru – Mwenyekiti
Namuria – Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi
Nabei – Mtunza ghala
Jeanine – Mwanachama kutoka Kakuma, mwalimu wa kutia vikapu rangi
Wanachama wengine kumi na mmoja, kama walivyotia sahihi katika kitabu cha mahudhurio (ukurasa una alama za meno ya mbwa, lakini sahihi zinasomeka)

MWALIKWA
Ekiru – Mlinzi

WALIOKOSA KWA UDHURU
Nakuleu – Amesafiri Lokichar

WALIOKOSA BILA UDHURU
Hakuna. Hili halijawahi kutokea tangu kikundi kianzishwe. Ni wazi kila mtu alitaka kuja kujionea mwenyewe.

KUMB. NA. 1/06/2024: KUFUNGUA
Nabei aliongoza sala. Aliwaombea wanachama wote, kisha akamwomba Mungu awafichue wenye mioyo miwili walio kati yetu. Hakutaja jina. Wanachama kadhaa walifumbua macho kabla ya amina ili waone nani ameinamisha kichwa zaidi.

KUMB. NA. 2/06/2024: KUSOMA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Katibu alipendekeza kumbukumbu za tarehe 8 Mei zisomwe siku nyingine, kwa kuwa jambo lililoleta watu lilikuwa zito. Nabei aliunga mkono. Mkono wa Jeanine ulikuwa umeinuliwa, lakini Mwenyekiti alikuwa anatazama upande mwingine.

KUMB. NA. 3/06/2024: UHARIBIFU GHALANI
Mtunza ghala alieleza kwamba tangu tarehe 11 Mei vikapu kumi na kimoja vilivyotengwa kwa maonyesho vimetafunwa na mbwa wa kikundi, Ekori. Pamoja na vikapu, alitaja mguu mmoja wa meza, ndala zake mbili na ufagio. Alisema hamlaumu mnyama. Kila jioni yeye hufunga mlango wa ghala kwa komeo, na asubuhi mlango unakutwa wazi, komeo limeinuliwa vizuri wala halijavunjwa. Aliuliza: "Mbwa ako na vidole?"

Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini ghala halina kufuli. Mtunza ghala alijibu kwamba kufuli lilipotea mwezi wa tatu na analishughulikia. Hili ni jibu la tatu la aina hiyo.

Nabei aliendelea kusema kwamba vikapu vya Jeanine havijaguswa hata kimoja. Vya wengine viko chini ghalani, vyake vimetundikwa msumarini katika chumba anacholala hapa uani. Alitaka kujua ni nani hutundika vitu juu kama hajui kitakachotokea chini.

Jeanine alijibu kwamba alikotoka, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ukiacha kitu chini mchwa wanakila, kwa hiyo ametundika vitu tangu siku ya kwanza. "Hata viatu vyangu viko juu ya msumari, mama. Ingia uone."

Mwenyekiti alimwita Ekiru atoe ushahidi wake. Ekiru alisema kwamba kuanzia mwezi wa pili hadi mwanzoni mwa Mei, kila alfajiri, alimwona Jeanine akizunguka ua. "Hiyo mama inainama kwa kona, inaweka kitu, inafunika na mkebe. Inaenda kona ingine. Halafu inaongea pole pole na mbwa." Alipoulizwa kwa nini hakumuuliza anafanya nini, Ekiru alisema mambo ya kona za ua hayaulizwi.

Katibu aliwakumbusha wanachama kwamba Jeanine na mbwa walifika uani katika wiki ile ile. Katibu hakusema zaidi ya hapo, na hakukuwa na haja, maana kila mtu alimgeukia jirani yake.

Katibu aliarifu kikao kwamba, ili kuokoa muda, alikuwa ameandaa barua, tayari imepigwa muhuri, ya kumjulisha Jeanine kwamba kikundi hakimhitaji tena na arudi Kakuma Jumamosi. Mwenyekiti aliuliza barua ilipigwa muhuri lini. Katibu alisema Jumatatu. Mwenyekiti alikumbusha kwamba leo ni Jumatano.

Hapa iwekwe wazi kwa asiyejua: kibali cha Jeanine kuishi Lodwar kinasimama juu ya barua ya kikundi hiki. Kikundi kikimkana, kibali hakina kazi tena. Jeanine alisema analijua hilo kuliko sisi sote. Alisema hataki kuonewa huruma, anataka jambo moja tu. "Mufunge ile mlango sasa, mubaki mukiangalia. Kama imbwa haifungue, nitaenda mimi mwenyewe, Jumamosi haitafika."

KUMB. NA. 4/06/2024: KIKAO KUHAMIA MBELE YA GHALA
Saa tisa na dakika thelathini na tano wanachama walibeba viti hadi mbele ya ghala. Kichwa cha samaki mkavu kiliwekwa ndani, kilichotolewa katika chakula cha Katibu bila Katibu kuulizwa. Nabei alifunga komeo kwa mkono wake na kulitikisa mara mbili. Aliagiza Jeanine akae mbali, nyuma ya tangi la maji, mikono ionekane. Jeanine alikwenda akakaa, mikono juu ya magoti.

Ekiru alimfungua Ekori mnyororo. Mbwa alinusa chini ya mlango, akakaa, akautazama mlango. Nabei alisema, "Mmeona?" Kisha mbwa akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka pua chini ya komeo na kulisukuma juu. Lilianguka. Akalisukuma tena, na safari hii akauvuta mlango kwa mguu kabla halijarudi. Akaingia. Ilichukua muda mfupi kuliko anaochukua Nabei mwenyewe.

Ekiru akacheka, akaagizwa anyamaze.

Nabei alisema hilo halimsafishi mtu yeyote, maana mbwa hakuzaliwa anajua makomeo, amefundishwa. Alimtaka Jeanine akane. Jeanine hakukana. Alieleza kwamba alikuwa akificha ukoko wa ugali na mifupa ya samaki kwenye pembe za ua, chini ya mikebe na ndani ya kikapu kilichopasuka, ili mbwa atafute. Mbwa alijifunza kuinua mifuniko kwa pua. Alipomaliza mikebe yote alikuwa analala mpaka jioni bila kugusa kitu. Na yale maneno ya alfajiri aliyosikia Ekiru yalikuwa "tafuta" na "bado moja".

Nabei alisema, "Basi mwizi amekiri."

Jeanine alisema: "Nimekiri mikebe. Mlango sikumufundisha. Muulize alianza mlango siku gani, na juu ya sababu gani." Akaomba kumbukumbu za tarehe 8 Mei zisomwe. Safari hii Mwenyekiti aliuona mkono wake.

KUMB. NA. 5/06/2024: KUMBUKUMBU ZA TAREHE 8 MEI ZASOMWA
Katibu alisema faili liko mbali. Mwenyekiti alisema liko chini ya kwapa la Katibu.

Katibu alisoma, kwa sauti iliyoelezwa na wengine kuwa ndogo, KUMB. NA. 4/05/2024: "Katibu alieleza wasiwasi wake kuhusu mwanachama anayeweka vitu kwenye pembe za ua alfajiri. Iliazimiwa, kwa pendekezo la Katibu, kwamba mwanachama yeyote asiweke kitu chochote popote uani, mikebe yote itupwe, na mbwa afungwe mnyororo kuanzia asubuhi hadi jioni. Iliripotiwa kwamba hakuna hasara wala uharibifu wowote tangu mbwa aletwe mwezi wa pili."

Mwenyekiti aliomba sentensi ya mwisho isomwe tena. Ilisomwa. Aliuliza kikapu cha kwanza kilitafunwa lini. Nabei alisema, kwa sauti ya chini, tarehe 11 Mei. Siku tatu baada ya azimio. Miezi mitatu ya mikebe, hata ndala moja haikuguswa. Wiki tano za mnyororo, vikapu kumi na kimoja.

Ekiru aliomba kuongea, akaruhusiwa. "Hii mbwa ilikuwa ya mbuzi. Huko Lokichar inaamka na mbuzi, inatembea na mbuzi, inarudi na mbuzi. Inafikiria siku mzima. Hapa tunafunga yeye kwa nguzo anaangalia ukuta. Hata mimi ningekula meza."

Mwenyekiti alisema amezaliwa katika boma la mbuzi na hajawahi kuona mbwa wa mbuzi akifungwa mchana. Alisema aibu ni yake kwanza. Tulipopata ua wenye geti tulitaka kuwa watu wa mjini, tukaandika MBWA MKALI getini, tukanunua mnyororo, tukasahau tunachokijua sote tangu utotoni. Mtu aliyekumbuka alikuwa mgeni, naye tukamwita mchawi. Neno mchawi halimo katika kumbukumbu za tarehe 8 Mei. Katibu anathibitisha kwamba lilisemwa, na anajua nani alilisema.

KUMB. NA. 6/06/2024: MAAZIMIO
Azimio la tarehe 8 Mei lilifutwa. Mnyororo utatumika usiku wenye wageni tu. Asubuhi mbwa atakwenda na Ekiru mtoni, na chakula chake kitafichwa, hakitawekwa kwenye sahani. Nabei atanunua kufuli kabla ya Ijumaa, na hili limeandikwa mara ya mwisho.

Nabei aliuliza nani atakuwa anaficha. Kila mtu alimtazama Jeanine. Jeanine alisema ataficha siku tatu, siku nne zilizobaki afiche yule aliyetaka mikebe itupwe. Ilipitishwa bila kupingwa.

Katibu alisimama na kusema amekosea. Alisema alimwogopa Jeanine bila sababu, akapiga muhuri kabla ya kusikiliza, na anamwomba msamaha mbele ya wote. Jeanine alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na Katibu hakuandika asichosema.

Mwenyekiti aliuliza ile barua ya kumrudisha Jeanine Kakuma iko wapi. Katibu aliitoa. Mwenyekiti hakuichana. Alimpa Jeanine, akamwambia, "Wewe ndiye unajua cha kufanya nayo." Jeanine aliisoma yote, polepole, mpaka kwenye muhuri. Kisha akachukua mfupa wa samaki, akaufunga ndani ya barua, akaikunja mara nne, akaenda kuificha pembe ya ua, mbele ya macho yetu sote.

Akamwambia Ekori, "Tafuta."

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na dakika kumi jioni kwa sala fupi ya Jeanine. Safari hii kila mtu alifumba macho.

Kiambatisho: Hakuna. Barua iliyotajwa haikuambatishwa kwa sababu ndani ya dakika mbili ilikuwa vipande, na muhuri umeliwa.

Mwenyekiti: Akoru (sahihi)        Tarehe: 14/6/2024

Katibu: Namuria (sahihi)        Tarehe: 14/6/2024, baada ya kuficha chakula cha mbwa chini ya mikebe saba