Meno ya Paulina

Kizota, Dodoma
18 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nikodemo,

Marahaba naitanguliza, maana shikamoo yako huwa inachelewa njiani. Hujambo huko Songea? Wifi na watoto wazima? Goti lako je? Sisi tunapumua, ila upepo wa Juni unatuchapa na vumbi limeingia hadi kwenye chumvi.

Sherehe ya kumuaga mpwa wako Paulina ni Jumamosi ijayo, kama ulivyoarifiwa. Mwenyewe anataka meno meupe siku hiyo.

Unayajua meno yetu. Maji ya kisima cha kijijini yalitutia kahawia tukiwa wadogo, yakamtia na yeye. Basi alikwenda kwa daktari wa meno mjini, akapakwa dawa, kisha akapewa vifuniko vya plastiki vya kuvaa usiku nyumbani, na dawa yake kidogo. Daktari alimweleza wazi kwamba rangi itafifia tu, haitaisha, na meno yakiuma apumzike.

Hapumziki. Anavivaa mchana kutwa, hata akipepeta mchele, na juu ya hayo anayasugua meno kwa unga mweusi wa mkaa alioagiza kwenye simu. Sasa palipokuwa peupe pamezidi weupe, na kahawia ndiyo imejitokeza. Fizi zimebabuka. Upepo ukivuma anaziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka. Maji yake ya kunywa nayapasha moto kama ya mtoto mchanga.

Nimemsihi, nimemfokea, nimevificha vile vifuniko juu ya kabati. Akavipata. Nikamrudisha kwa daktari, akamwambia aache. Aliitikia vizuri sana, tulipofika nyumbani akavaa. Mchumba wake Jordan anamwambia anampenda alivyo, hamsikii. Nimeishiwa, mdogo wangu. Namtazama tu.

Jana alikaa karibu yangu, akanishika mkono. "Mama, wakati wa picha naomba usicheke. Ukicheka, wakwe wataona ya kwangu yalivyokuwa."

Nikamjibu sawa.

Wewe ndiye mjomba, mtakaa meza moja, kwa hiyo na wewe atakuomba hivyohivyo. Ukimkatalia nitafurahi, ila sina nguvu ya kukusaidia.

Msalimie wifi Anastazia, na Emilia na Meshack. Mungu awalinde barabarani mfike wote.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayejifunza mbele ya kioo kutabasamu midomo imefungwa,

Germana