Yaya Muhindo, Nilifuta Ordre Yako

Yaya Muhindo,

Ni mi Kavira, mudogo wako, na weye mukubwa wangu. Hapana kunikasirikia, juu mi mwenyewe nimejaa kasirani mpaka ku shingo. Wewe ulikufa, lakini kazi yako ilikatala kufa, na kidogo tu ituulie mama.

Convoyeur, musaidizi wa chauffeur wa ile camion ulipanda, njo alituletea habari. Alifika hapa kwetu Kimemi na mukono moja, ule mwingine balikata, bandage inatoka damu. Akasema: bauaji balisimamisha camion mbele ya kufika Beni, bakaichoma, bakawafunga kamba, na panga ilianguka ku shingo yako mbele ya macho yake. Mwili yako ilibaki mu pori. Hakuna mutu alisubutu kuifuata.

Tukaanza matanga. Bamama balikuwa banalia, na pale pale simu ya mama ikalia: "Mama, niko kazi. Muhindo."

Batu bote bakageukia ile simu. Mi nilijua ni nini. Ni ile programme yako, yenye ilikuwa inaongea na bourse ya crypto, ile soko ya pesa ya internet, directement, bila mutu kufungua site. Inaweka ordre, ni kusema agizo ya kuuza. Beyi ikitembea, inafuta ile ya zamani, inaweka ingine, na kila mara inatumia mama message. Uliongeza ile message juu mama alikuwa anasema unakaaka bure. Alikuwa anacheka mpaka machozi: "Eh, bavivu ya siku hizi! Hata kusalimia mama, ni machine njo inasalimia!"

Siku ile hakucheka. Alisimama, akakaza kikwembe: "Mutu mwenye kufa anauzaka? Naenda Beni kuchukua mutoto wangu." Tukamushika. Alimuuma baba mudogo ku mukono mpaka ngozi ikatoka.

Unamujua baba mudogo wa Kasugho, mutu anagombanaka hata na jembe yake. Alichukua mutwangio, ule muti ya kutwangia majani ya sombe, akapiga computer yako, akapiga, akapiga: "Toka! Toka mu nyumba ya kaka yangu!" Vipande vikaruka mpaka ndani ya chungu. Mi nalalamika: "Baba mudogo, programme haikae mule! Inatumika ku machine ya Ulaya!" Wapi! Simu ikalia tena. Hapo njo mama akacheka, kicheko ya kuogopesha. "Munavunja bure. Mutoto wangu ni mukubwa kupita mutwangio yenu."

Nikachukua simu yangu na ile clé, code ya siri ulinipa, yenye inafanya bourse ikutii. Nikatuma: futa ordre. Bourse ikajibu: imefutwa. Sikupumua hata kidogo, programme ikaona nafasi iko wazi, ikaweka ordre ingine. Message ikaingia. Kugeuka, mama alishatoka na mulango ya nyuma.

Tulimukuta ku barrière ya jeshi, ku barabara ya Beni. Soda moja, askari wa mbali, hasikie Kinande, luga yetu, alimukamata nguo ku kifua akamuangusha chini: "Mama, zonga, rudi! Kule banachinja batu!" Mama akamurushia jiwe ku uso. Yule akamuelekezea bunduki. Yaya, nilianguka mu vumbi, nikakumbatia miguu ya ule soda, nikalia kama mbuzi. Akatuacha.

Tukirudi njo nikasikia mu mawazo sauti yako, vile ulikuwa unanigonga kichwa na kalamu ya bic: "Kavira, kichwa yako ni ya viazi! Zima kwanza mwenye kuweka, kisha ufute chenye aliweka. Na bourse ikisema imefutwa, uliza tena."

Nikakaa mbele ya mama, aone vidole vyangu. Nikazima programme kule ku machine ya Ulaya. Nikafuta ordre. Nikauliza: kuko ordre inabaki? Bourse ikajibu: hakuna.

Mama alikaa na simu mu mikono mpaka chakula ikapoa. Haikulia. Akanipiga kofi, na ingine, na ingine, damu ikatoka mu pua. "Bauaji balimuacha nusu, na weye umemaliza." Sikujikinga. Kisha akaniangukia mu kifua, akalia. Tangu ufe, alikuwa hajalia hata mara moja.

Tulikuzika vile bankoko, babu zetu, banazikaka mutu mwenye mwili haionekane. Baba mudogo alikata mugomba, mama akaivalisha shati yako ya misa, catéchiste akaombea. Mama njo alitupa udongo ya kwanza.

Nakuchukia juu ulipanda ile camion na mi nilikuombea usipande. Na nakupenda, yaya, inaniuma mpaka mu meno.

Lala sasa. Mama hatakanyaga ile barabara tena. Akitaka kupita, apite kwanza juu yangu. Na siku pori itatulia, hata bakileta mufupa yako moja tu, nitachimbua ule mugomba na mikono yangu, nikulalishe mahali yako.

Mudogo wako,
Kavira