Riwaya Yetu Imefungiwa Karanga

Baba, shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako ile nzito, mpaka jirani amechungulia dirishani.

Nianze na habari mbaya nipumue. Vitabu vyako sina. Siku ya arobaini ukoo wako uliketi, wakasema mali ya mjomba ni ya mpwa, kama ilivyo kwetu Waluguru, nami binti yako nikapewa kigoda na miwani. Shamba sikulililia. Lakini vitabu! Vyote kavichukua Shomari, mtoto wa shangazi, ambaye tangu azaliwe hajasoma kitu zaidi ya mizani.

Unajua siku hizi biashara ni ruksa, kila mwenye meza anauza. Shomari anayo yake sokoni Mkuyuni: karanga, iliki, pilipili manga. Na karanga zinataka karatasi. Nilipokwenda kumsalimia akanipa za bure. Kufungua, nakutana na kitabu chako cha historia, pale mzungu anapojisifu kuivumbua milima yetu, na pembeni penseli yako: "Mwongo. Alipotea njia, bibi akampa ndizi." Nilicheka hadi nikapaliwa, halafu nikalia, halafu nikamtukana Shomari. Akanijibu, "Dada Mwanahawa, mbona wateja wanavipenda?"

Wanavipenda kweli, hilo siwezi kukataa. Soko zima linasoma. Muuza mkaa, katika hadithi moja ya mapenzi, amefika kwenye harusi. Mama wa vitumbua ameshapata karatasi ya mbele, anajua bwana harusi anaugua, na anamficha makusudi. Wanabadilishana kurasa hizo zenye mafuta, na wanagombana.

Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu: riwaya yetu, ile ya Tausi fundi cherehani na karani wa reli. Ulikuwa unanisomea jioni nikikanda unga, ukaishia pale karani anapopanda treni. Nikikuomba uchungulie ukurasa wa mwisho unakuja juu: "Hata mimi sijui! Tungoje wote." Ukaenda zako, sura mbili zimebaki. Baba, nisamehe, watu walikuwa wananipa pole matangani na mimi kichwani najiuliza kama karani atarudi. Nilijionea aibu sana.

Basi nimekula karanga. Kila siku ya soko napanda lori la ndizi hadi Mkuyuni, nanunua, natafuna, nasoma. Magauni yananibana. Mwishowe Shomari akakumbuka kwamba karatasi ya mwisho ya kile kitabu alimfungia iliki mama mmoja wa Matombo. Nikamfuata hadi kwake, barabara ile ilivyo mbovu, nikapiga hodi nikaomba karatasi. Alinitazama kama mgonjwa, akamimina iliki kwenye bakuli, akanipa.

Karani harudi, Baba. Anaoa huko huko, na Tausi anabaki na cherehani yake. Nikasonya. Ndipo nikaona penseli yako chini ya ukurasa: "Mwisho mbaya huu. Nikimsomea Mwanahawa, karani atarudi."

Mwongo mkubwa wewe! Kumbe ulikuwa umeshasoma zamani! Na ule ukali wote wa "Tungoje wote"! Nilikaa chini uani kwa watu nikalia kilio ambacho siku ya mazishi kilikataa kutoka. Yule mama, maskini, akaniletea maji, akaniuliza nani kafa. Nikamwambia baba yangu.

Sasa sokoni wote, ambao Tausi nao wamemsoma kwenye karanga, wananiuliza mwisho wake, maana karatasi ninayo mimi. Nimewaambia karani karudi kwa treni ya asubuhi, na khanga doti mbili mkononi. Muuza mkaa alishangilia hadi akaangusha debe. Shomari aliomba aione hiyo karatasi, nikamwambia mali ya ukoo ina mipaka.

Haya, Baba, pumzika. Dua zako nitazisoma kila Ijumaa. Na ninakuahidi hili: mpaka siku nitakayokufuata, yeyote atakayeniuliza, karani amerudi.

Mwanao,
Mwanahawa