Majina ya Juu ya Bahasha

Jumatatu, 12 Mei

Barua arobaini na saba leo. Printa imekwama mara tatu. Bosi kasimama nyuma yangu tangu asubuhi, anapumua. Alikula mihogo na kachumbari, na kitunguu chote kimehamia shingoni kwangu.

Kazi yenyewe ni rahisi mno, barua za kompyuta ndiyo kwanza tunaanza leo. Kwenye kompyuta kuna orodha ya wateja wote waliokopa dukani mbegu, mbolea na dawa: jina, kijiji, kiasi, tarehe ya kulipa. Unaandika barua moja tu. Ukibonyeza, kompyuta inachukua kila jina na deni lake inapachika mahali pake, kwenye barua na kwenye bahasha. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa naandika kwa mkono, nne kwa siku, na kila moja nilianza kwa kuuliza hali ya watoto. Sasa hatuulizi watoto. "Unakumbushwa kwa mara ya mwisho." Hakuna aliyekumbushwa mara ya kwanza, lakini Bosi anataka hivyo. Anataka pia "hatua kali za kisheria" kwa herufi nene. Hana hata wakili. Ana binamu anayeuza mihuri.

Anakagua kwa kulamba kidole. Analamba, anafunua, analamba tena. Kila barua imebaki na alama ya mate pembeni. Nimeona kinyaa mpaka chakula cha mchana nimekiacha kwenye bakuli.

Alikuwa anaangalia kiasi tu. Na mimi niliangalia kiasi tu.

Chini kabisa pameandikwa jina langu: Zuhura, Mtunza Kumbukumbu. Maneno yake, mate yake, jina langu.

Jumanne, 13 Mei

Fuso linalopanda Mgeta kufuata kabichi limepita kuchukua bahasha. Thelathini na moja ni za huko juu. Dereva haulizi pa kuzipeleka, ni kwa katekista. Huko barua yoyote, iwe ya shule, ya kata au ya duka, hukaa kwake mpaka Jumapili. Ibada ikiisha anasoma jina lililo juu ya bahasha, mwenyewe anasimama, anakwenda mbele kuchukua. Miaka yote wanafanya hivyo na hakuna barua inayopotea.

Za mjini amechukua mtu wa bodaboda.

Bosi kafurahi. Kakata kucha juu ya kaunta, vipande vimerukia kwenye mizani ya mbegu za nyanya. Nimefuta mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Mzee Shabani wa Mwembesongo kaja asubuhi kabla sijamaliza kufagia. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Katika umri wangu wote sijawahi kunyimwa marahaba na mtu mzima mwenye akili zake.

Akalaza barua yake kwenye kaunta, akaigeuza inielekee. Nikasoma. Ndugu SHABANI MCHAFU.

Akasema, "Mwanangu, mimi nalima mchicha kwenye tope. Ulitaka nije dukani kwenu na kanzu ya Idi?"

Akalipa deni lote, noti zimekunjwa ndogo ndogo. Hakusubiri risiti. Nilitamani sakafu inimeze.

Najua kilichotokea. Kwenye kaunta tuna daftari la mikopo, la zamani kuliko kompyuta. Akina Shabani tunao wanne, akina Petro tisa. Watu wenyewe wanajitaja jina moja tu, na sisi hatuulizi la pili, foleni inasubiri. Kwa hiyo kila mmoja tunamfungia mkia ili tumjue: Petro Miguu, Petro Mbishi, Paulo Chupa, Shabani Mchafu. Ni mambo yetu sisi wa nyuma ya kaunta. Kompyuta ilipokuja nilihamisha daftari zima kwa alasiri moja, na mikia yake. Nimeyaona majina yale kila siku kwa miaka miwili mpaka nikaacha kuyasoma.

Nikafungua orodha ya Mgeta. Nikashuka nayo taratibu. Mstari wa kumi na tisa: BENADETA ALIYEKIMBIWA.

Nikaifunga orodha, nikaifungua tena. Lilikuwa bado pale.

Nitaandika yote, humu hakuna wa kumdanganya. Benadeta alikuja mara ya kwanza miaka sita iliyopita, anataka mbegu za karoti na mbolea kwa mkopo. Sheria ya Bosi ni kwamba mwanamke aliyeolewa alete fomu yenye sahihi ya mume. Akaniambia mume yuko machimboni, Tunduru. Nikamwambia basi apige simu. Akakaa juu ya mfuko wa mbolea, akalia. Mume hakuwa machimboni. Alikuwa na mwanamke mwingine Ifakara na alishamtumia ujumbe asimtafute. Kijijini hakuna ajuaye. Watoto wanaamini baba yao anachimba vito na atarudi siku ya kipaimara cha Anjela, binti mkubwa. Akasema, "Nimekwambia wewe peke yako, dada, kwa sababu ya hii fomu."

Nikampa mkopo. Nilijiona mtu mwema sana siku ile. Alipotoka tu, nikaandika kwenye daftari, maana akina Benadeta walikuwa watatu. Neno moja. Sikufikiri hata kidogo.

Tangu hapo kila akishuka mjini huniachia fungu la njegere kwenye kaunta. Nimezila miaka sita.

Nimempigia dereva wa fuso. Bahasha alishazikabidhi tangu Jumanne. Simu ya katekista haipatikani. Nimejaribu mara kumi na moja.

Nikamwambia Bosi. Nilidhani atashtuka. Alicheka mpaka kijiti cha meno kikamdondoka, akakiokota, akakirudisha mdomoni. "Waache wachekwe," anasema. "Anayechekwa analipa upesi."

Ijumaa, 16 Mei

Haipatikani. Haipatikani.

Nimeomba ruhusa kesho nipande Mgeta. Bosi kanikatalia, kesho tunahesabu mali. Nilipaswa kuondoka hata hivyo. Sikuondoka. Kodi ya chumba Mafiga inaisha mwisho wa mwezi, na hiyo ndiyo sababu yote, haina mapambo.

Jumamosi, 17 Mei

Tumehesabu mifuko mpaka jioni. Mia mbili na sita ya mbolea ya kupandia. Panya wamekula mahindi ya mbegu na kufia humo humo. Harufu imeshika kwenye ushungi wangu. Bosi anasema tupepete, tufunge upya, tuuze.

Nimepepeta.

Jumapili, 18 Mei

Nimetoka alfajiri kwa bodaboda. Mzumbe tumeipita bado kuna ukungu. Nilihesabu kwamba tutafika kabla ibada haijaisha. Baada ya pale barabara ni tope tupu, mvua za wiki nzima. Mnyororo ulikatika kwenye mlima. Dereva akaufunga kwa waya, ukakatika tena. Nikamlipa, nikapanda kwa miguu, viatu mkononi. Mama mmoja mwenye mzigo wa viazi kichwani alinipita kama nimesimama.

Nilisikia kicheko kabla sijaliona kanisa. Nikajua nimechelewa.

Nilisimama mlangoni na ushungi wangu, miguu yote tope. Watu wamejaa kwenye mabenchi. Katekista ni mzee wa miwani, anasoma kila kitu kwa sauti moja, awe anasoma Injili au bahasha. Alikuwa ameshasoma Petro Miguu na Paulo Chupa. Watu mbavu hawana. Hata Paulo mwenyewe anacheka, anainamia watu kwenda kuchukua barua yake. Ningeweza kupiga kelele pale pale. Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka, nilikuwa sina pumzi na nilikuwa naona haya. Zote mbili.

Akasoma, "Benadeta Aliyekimbiwa."

Kicheko kilianza, kikafa njiani. Akina Benadeta wengine wawili wakaangaliana. Mmoja akasema, "Si mimi, wangu huyu hapa." Mumewe alikuwa pembeni yake kweli. Katekista akavua miwani. Nafikiri ndipo alipoelewa alichokisoma. Akaiweka bahasha chini ya zile nyingine, akataka kuendelea.

Benadeta akasimama. Alikuwa benchi la nne na watoto wake watatu. Akasema, "Nipe, mwalimu. Ni yangu." Hakusema kwa nguvu, ila kanisa zima lilisikia. Akaenda mbele, akapokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kila kitu, akarudi kukaa. Anjela alikuwa anamtazama mama yake. Sitaandika alivyomtazama.

Hapo ndipo sauti yangu ilipopatikana. Nikaingia, nikasema mimi natoka dukani, majina yamekosewa, ni kompyuta imekosea. Kompyuta. Nilisema mara tatu. Watu wakapumua. Wakaanza kusema aa, hizi mashine, hizi mashine zitatuua. Mama mmoja akanipa maji ya kunawa miguu. Katekista akanishukuru kwa kupanda mlima wote ule.

Benadeta hakuniangalia. Alikuwa anaikunja bahasha ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikukunjika tena.

Nilinawa miguu kwa maji yao. Najichukia.

Jumatatu, 19 Mei

Wateja tisa wamelipa leo, kwa simu na kwa mkono. Bosi anapiga kaunta kwa furaha. Anataka barua za mwezi ujao zitoke na majina hivyo hivyo. Nikamwambia nitaacha kazi. Akasema, "Acha." Akalamba kidole, akahesabu.

Sikuacha. Nilikaa nikafuta mikia, jina moja moja, mbele ya macho yake. Hakunizuia, anajua mimi tu ndiye ninayeijua ile orodha. Sasa nina akina Petro tisa wasiotofautiana. Kila atakayekuja nitamuuliza jina lake kamili, foleni itasubiri.

Daftari la kaunta nimelipeleka uani nikalichoma. Limeungua vibaya, jalada lina plastiki, limetoa moshi mweusi wa kunuka. Bosi kakohoa alasiri nzima. Hilo tu ndilo lililonifurahisha wiki hii.

Jumanne, 27 Mei

Watu wanaoshuka Mgeta wananisimulia habari za kompyuta kana kwamba sikuwepo. Imekuwa kichekesho. Kwa Benadeta hakuna anayecheka. Wanasema amekuwa kimya, na kwamba kaka wa mume alipanda kutoka Langali kuuliza kama ni kweli. Wanasema hivyo na kunitazama, wakingoja nami niseme lolote.

Nawauliza majina yao kamili. Naandika.

Jumatano, 4 Juni

Benadeta kaja leo, saa tano. Duka lilikuwa tupu. Bosi yuko msikitini au anasema yuko msikitini.

Deni lake lilikuwa bado na wiki tatu. Kalipa lote. Kauza viazi vya mbegu, nilijua kwa tope la kwenye kucha zake, bichi, jekundu. Akasema, "Sitakopa tena hapa. Nifute kwenye orodha."

Nikamuuliza habari za watoto. Akasema, "Wanajua sasa. Anjela anasema kipaimara atafanya, baba yake asiitwe."

Nilikuwa nimejiandaa siku kumi na saba. Nikasema, "Dada Benadeta, haikuwa kompyuta. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, siku ile ile ulipotoka."

Alikuwa anahesabu chenji. Hakuinua kichwa.

"Najua," akasema. "Kompyuta ingejuaje? Nilimwambia mtu mmoja tu."

Akamaliza kuhesabu.

Nikamwandikia risiti. Ilibidi niulize, Benadeta nani? Miaka sita. Akasema Benadeta Klementi. Akaniomba nigeuze kioo cha kompyuta aone. Nikakigeuza. Akasubiri mpaka herufi ya mwisho, akasoma kwa midomo, akatikisa kichwa kukubali. Kisha nikafuta mstari mzima kama alivyotaka, naye akatazama ukitoweka.

Akainama kuchukua kapu lake. Lilikuwa na njegere, zimefunikwa nusu kwa jani la mgomba, nilijikuta nazitazama bila kutaka. Akaliweka kichwani, akanyoosha shingo, akatoka nalo.