Jina Asiloweza Kulitaja

Dada Paskalina,

Shikamoo. Marahaba yako haitakuja, najua, ila siwezi kuanza bila kukuamkia. Nimesali asubuhi hii na moyo bado haujatulia. Tangu Jumanne haujatulia.

Zahanati imebadilika tangu tukuzike. Sasa tuna timu ya kuboresha huduma, na mimi, mfagiaji wako, ni mjumbe. Ungecheka. Ndoo za taka zina rangi zake, foleni ina namba. Ni kazi nzuri, sikatai. Tukaweka na utaratibu mwingine: kabla mtoto hajapewa dawa, mama ataje mwenyewe majina matatu ya mtoto, lake, la baba na la babu, tusije tukampa dawa ya mwenzake. Wa kwanza kunyoosha mkono kukubali nilikuwa mimi.

Mimi, Dada. Niliyekaa na wewe kwenye dirisha la dawa miaka yote ile, ukiwahudumia akina mama.

Jumanne wakaja wakaguzi na fomu zao. Akaingia mama mmoja wa Kibarbaig, bado binti kabisa, mtoto mgongoni anawaka homa. Mganga wetu mpya, kijana mpole wa kutoka mbali, akamwuliza majina. Akataja la mtoto na la baba, akaishia hapo. Akaulizwa tena, na tena. Kimya, macho chini. Babu wa mtoto si ndiye baba mkwe wake? Kwa mila yao jina hilo halitoki kinywani mwa mke hata umpige. Mganga hakujua. Akadhani labda mtoto si wake. Akamwambia, "Kaa pembeni kwanza, mama, mpaka aje mtu anayemfahamu huyu mtoto."

Na mimi nilikuwa pale. Nafuta meza iliyokuwa safi. Nikakusikia kabisa ukisema, kama ulivyonifundisha, "Mama akinyamaza usimwulize mara ya pili. Muulize aliyekaa naye." Lakini nikaogopa, wakaguzi wasije wakaandika kwamba tunavunja utaratibu wetu wenyewe. Nikasema moyoni, wakishaondoka tu.

Walipoondoka, benchi lilikuwa tupu.

Siku ile sikula. Kila mtoto akilia barabarani natoka nje kutazama. Namwomba Mungu, halafu naona haya kumwomba, maana mdomo alinipa na sikuutumia.

Jana kikaoni nikasimama nikasema yote. Mganga akaniuliza, bila ukali, "Mama Yakobo, kwa nini hukuniambia palepale?" Afadhali angefoka. Akachukua kalamu mwenyewe, akaongeza kwenye utaratibu uliobandikwa ukutani kwamba jirani au msindikizaji anaweza kumtajia. Akaniambia nimtafute yule mama, nikimpata nimlete moja kwa moja kwake, asipange foleni.

Nimeulizia. Wanasema boma lao limehamisha ng'ombe kuelekea ziwani. Sasa hivi wa bodaboda ananisubiri nje, anapiga honi. Nilikuwa nakawia tu kwa kukuandikia, nakiri. Naogopa kufika, Dada. Naogopa nikimwona yule binti mlangoni, mgongo wake mtupu.

Lakini naenda. Bwana akulaze pema, dada yangu, nawe huko uliko umwombee huyo mtoto. Nakuahidi hili: vyovyote nitakavyomkuta, nitamwambia mama yake kwa mdomo wangu kwamba nilijua na nikanyamaza.

Mdogo wako,
Mama Yakobo