Mwanya Kwenye Ukingo wa Kata

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ulinilea hivyo, na sitaki siku tukionana uanze kwa kusema sikukuamkia.

Jiwe lako limefika. Kaka Aminieli alilileta kutoka mjini kwenye pikapu, limeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Ni jeusi, linang'aa, ukisimama mbele yake unajiona mwenyewe. Mashine imekuchora uso kwa vitone vidogo vidogo. Picha tuliyokuwa nayo ulivaa lile sweta la kukamulia ng'ombe, kwa hiyo mafundi wakakuvalisha suti na tai kwa kompyuta. Mikunjo yote wameinyoosha. Mama alisogea, akakaza khanga yake, akauliza, "Huyu mbunge ni nani?"

"Mama, si ndiye Baba! Wamemsafisha kidogo tu."

"Wamemsafisha mpaka wamemtoa."

Nilikwenda kucheka nyuma ya migomba. Nilianza kwa kucheka, sijui kicheko kiligeuka kilio saa ngapi.

Basi umelala hapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya ua wa masale na ule mgomba wa mshare uliokuwa ukiukaripia kwa kuziba njia. Bado unaziba.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya jiwe. Nakuandikia kwa sababu ya kata.

Kila kata uliyoichanja, kibuyu cha kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa na mstari unaozunguka ukingo, na mstari huo hukuufikisha mwisho. Uliacha mwanya, mdogo kama punje ya ulezi. Mwenye kata akifa, watu wake walikuletea, ukaufunga kwa ncha ya kisu, ukapaka masizi na mafuta, ukawarudishia bila maneno mengi. Sijaona fundi mwingine huku Old Moshi akifanya hivyo. Yupo mgeni aliyedhani umesahau, akataka umalizie palepale. Ukamwambia, "Nitakumalizia tu, usiwe na haraka." Mama akakukanyaga mguu.

Wiki ya msiba wako alikuja Mama Elisante, yule jirani wa ng'ambo ya mfereji, ambaye mumewe alikutangulia kidogo tu. Alileta kata ya marehemu imefungwa kwenye kitambaa. Akaiweka kwenye benchi lako la kazi, akasema kwa mazoea, "Baba Aminieli aifunge akipata nafasi." Kisha akatazama turubai na viti vya kukodi, akakumbuka amekuja kumlilia nani. Akakaa chini hapohapo.

Tangu siku hiyo kata mbili zimekaa dirishani, ya mumewe na ya kwako, na kisu chako katikati. Sikuzigusa. Wewe hukuwahi kunifundisha. Ulisema mikono ya mwalimu imezoea chaki, kitu kinachovunjika chenyewe. Nilijifunza kwa kukuchungulia kutoka jikoni, nikijifanya namenya ndizi. Niliona kwamba kisu hukisukumi. Kisu kinatulia, kibuyu ndicho kinachozunguka.

Shuleni nawafundisha darasa la nne uchanjaji wa kimaskini. Wanapaka karatasi rangi za nta, wanafunika kwa masizi niliyokoroga na sabuni, yakikauka wanakwaruza kwa msumari, rangi zinachungulia kutoka chini. Mzazi mmoja alinipigia simu: "Mwalimu, nilimleta mtoto asome, unanirudishia mchoma mkaa!" Watoto wanalipenda somo hilo kwa sababu ukikosea unapaka masizi tena, unaanza upya. Kibuyu hakikupi nafasi hiyo. Ndiyo maana nilikuwa hodari kwenye karatasi tu.

Jiwe lilipokwisha kusimikwa, Kaka akaziona kata dirishani.

"Ndeshi, nipe hizo. Yule wa mashine atazifunga dakika moja, tena mstari ulionyooka."

Kaka si mtu mbaya, Baba. Yeye analia kwa kununua vitu.

"Mashine inajua inamfunga nani?" nikamuuliza.

"Na wewe unajua kufunga?"

Hapo alinipata. Akasema kesho asubuhi anaondoka nazo.

Mchana huohuo nikakaa kwenye benchi lako. Nilianza na ya mume wa Mama Elisante, ikakubali. Nikachukua ya kwako. Bado inanuka mbege, na pale ulipozoea kuweka mdomo pamelainika. Nikakaa nayo mapajani. Mstari ulipokuwa wazi ilikuwa kama umeteremka mferejini tu, utarudi unalalamika kuhusu maji. Mwanya mdogo vile, na mimi nimeishi ndani yake miezi yote hii.

Nikatuliza kisu, nikazungusha kibuyu.

Kisu kiliteleza, Baba. Mwisho wa mstari umepinda kama goti, utanisamehe au utanisema, sijui huko mnafanya lipi. Nilipokuwa nafuta masizi, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliichukua kata, akapitisha kidole ukingoni, mzunguko mzima, hakikukwama popote.

"Haya," akasema. "Sasa amekufa."

Akachukua mundu, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Kaka aliondoka mikono mitupu. Aliishika ile kata yako muda mrefu kabla ya kuwasha gari.

Jioni nikaitoa ya kwangu, uliyonipa nilipopata kipaimara. Mwanya wake ni mpana kuliko zote. Nilipokuuliza ulisema, "Wako nimeuacha mpana ili uchukue muda." Sasa naitazama na kujiuliza nani atanifunga mimi. Si Kaka, yeye atanipeleka kwenye mashine, nivalishwe tai.

Kwa hiyo nakuahidi. Jumatatu nabeba vibuyu kwenda darasa la nne, bila masizi ya kufichia makosa. Nitatafuta mkono unaotulia. Nikiupata nitamfundisha mwenyewe waziwazi, asinichungulie kupitia dirisha la jikoni. Kazi yenyewe ni ya nini, sitamwambia mapema.

Lala, Baba. Na hiyo tai ilegeze, hakuna anayekutazama.

Binti yako,
Ndeshi