Mwanangu Ananililia Jukwaani na Mimi Mzima

Mpendwa Bi Echati, mshauri wetu wa redioni, naomba msaada wako, maana mimi ni marehemu kwa miaka saba sasa na nimechoka.

Usicheke kwanza. Mimi ni dereva mstaafu wa basi hapa Marseille, na mwanangu Fahardine ndiye yule Oursin, yaani mnyama wa baharini mwenye miiba, ndivyo anavyojiita jukwaani, yule anayesemwa kwenye televisheni kila wiki kwa ule mstari wake juu ya polisi, ambaye meya amempiga marufuku mara mbili kuimba mjini kwake mwenyewe mpaka mahakama ikasema aachwe aimbe, na mimi matusi yake siyapendi, nimemwambia, lakini akisemwa vibaya mkahawani nasimama naacha kahawa yangu. Sasa, wimbo uliomtoa ni wa kunizika mimi. Niliugua mapafu, nikalazwa miezi, madaktari wakatuambia tujiandae, mtoto akaandika, "Baba kaniachia viatu, bado havinitoshi," Ufaransa nzima ikalia, halafu mimi nikapona. Viatu vyenyewe ninavyo, ndivyo nilivyovaa nikiandika haya.

Tangu hapo mtaa mzima umefunga mdomo. Waandishi wakija, naitwa mjomba. Muuza mkate wetu Mourad ananiambia, "Marehemu, leo umefufuka mapema, mikate bado iko motoni!" Na kila tamasha mwanangu ananyamaza dakika moja kwa ajili yangu, ukumbi mzima unawasha simu, na mke wangu Zalhata anaangalia kwenye simu yake pale sebuleni na kububujikwa na machozi, nami nimekaa pembeni yake natafuna njugu. Nikimuuliza, "Mama Fahardine, unamlilia nani?" ananijibu, "Hebu nyamaza, unaniharibia."

Tulikuwa tunacheka. Sasa hatucheki, maana hasimu wake wa Paris, anayejiita Carat, amepata picha yangu nikinunua dagaa Bandari Kongwe, akaitupa mtandaoni na maneno haya: "Marehemu wa Oursin anapenda samaki." Ameapa kwamba Ijumaa anatoa wimbo wa kummaliza, na katika muziki wao huu wa rap mtu anasamehewa matusi, anasamehewa hata jela, lakini akikutwa ameongopa kuhusu maisha yake mwenyewe basi kwisha habari yake, na tamasha la hapa nyumbani ni Jumamosi. Mwanangu kanipigia: "Baba, nakuomba, nenda kwa shangazi Lyon mpaka yapite." Nikamwambia, "Mimi nataka kukuona ukiimba kwetu." Akasema, "Baba, ukionekana, nimekwisha." Bi Echati, nikienda nitamharibia mwanangu kazi aliyoihangaikia tangu utoto, nisipoenda naona nitakuwa nimekufa kweli. Nifanye nini?

Marehemu wa mtaa wa Félix-Pyat

*

Marehemu wangu, pole sana. Sasa weka njugu chini unisikilize.

Nimecheka mpaka fundi mitambo akanigongea kioo. Niliposoma mara ya pili, nikakasirika. Miaka saba umejifia kwa raha zako! Umeliliwa, umesifiwa, na hukuwahi kumkalisha mtoto ukamwambia, jamani, mchezo huu tutaumaliza vipi? Na huyo Mourad wako naye, na mtaa wenu mzima, mmemficha kijana mpaka mmemfungia ndani ya uongo.

Tena hospitalini umepapita haraka kama dereva anayeruka kituo. Rudi pale. Kijana kaambiwa baba yake anakwenda, kakaa kwenye korido, kaandika alichokiona. Hakuongopa hata neno moja siku ile. Uongo ulianza ulipotoka kwa miguu yako, wimbo ukiwa tayari uko kila redio, naye akaogopa kusema umerudi. Matusi yake yote ni ya kuonyesha kwamba haogopi mtu. Huo wimbo mmoja aliuandika kwa sababu aliogopa, na ndio watu waliompendea.

Kwa hiyo Lyon huendi. Leo hii mwambie Zalhata apike mataba, yale majani ya muhogo ya kwetu, na mwanao aje kula nyumbani, peke yake, bila wale wapambe wake. Mwambie Ijumaa isimkute kimya. Akae karibu yako, ajirekodi kwa simu, aseme kwa kinywa chake: nilimlilia baba nikidhani anakufa, akapona, nikaogopa kuwapoteza ninyi. Carat atabaki na picha ya dagaa. Sikudanganyi, wapo watakaomkimbia, na meya atafurahi wiki nzima. Atapoteza watu. Ila hatalazimika tena kumfukuza baba yake mjini ili apate kuimba. Akikataa, usimvizie ukumbini, hiyo ni aibu kwenu wote. Ila mwambie hujifichi tena, na mwandishi atakayebisha hodi ataambiwa wewe ni nani. Akikubali, Jumamosi kaa safu ya mbele na mkeo, tena msichelewe.

Jambo moja la mwisho, na hili ndilo lililoniuma. Barua nzima hujasema kama wimbo wenyewe ni mzuri. Nadhani hata yeye hajui unauonaje, maana Ufaransa nzima imeshamwambia, na wewe ulikuwa umekufa. Mwambie hilo kwanza, kabla hamjagusa chakula.